Kupisha, Kutwaa na Kufidia: Uhakiki wa Istilahi za Ardhi ya Barabara, kwa Mifano ya Ufipa

1. Utangulizi

Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania na lugha ya kuendeshea mashauri mahakamani, ingawa Kiingereza chaweza bado kutumika pale haki inapodai hivyo. Kabla ya hapo sheria ziliandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kuzieleza: katika mikutano ya vijiji, katika matangazo yabandikwayo kwenye ofisi za kata, katika fomu za uthamini na katika magazeti. Neno lililokosewa katika tangazo liliweza kusahihishwa kwa kurejea sheria yenyewe. Sasa kinga hiyo inaondoka. Kadiri sheria zinavyohamia katika Kiswahili, neno linalochaguliwa na mfasiri si maelezo ya sheria tena, bali ni sheria.

Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuyapitia maneno ya tawi moja dogo ambalo humgusa mkulima moja kwa moja, nalo ni utwaaji wa ardhi kwa ajili ya barabara na viwanja vya ndege. Tumechukua Ufipa kuwa uwanja wa mifano, kwani katika miaka isiyo mingi uwanda huo umepata miradi mikubwa ya namna hii: barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga kupitia Ikana na Laela, iliyojengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani chini ya mkataba uliotiwa sahihi mwezi Februari 2008, barabara ya Sumbawanga kwenda Matai na bandari ya Kasanga, na upanuzi wa kiwanja cha ndege cha Sumbawanga.

Hatuhakiki miradi hiyo. Twahakiki maneno. Hoja yetu ni moja, nayo ni kwamba maneno mengi yaliyozoeleka katika tawi hili yameundwa yakiwa yamesimama upande wa barabara, yakimtazama mwenye shamba kwa mbali. Ilhali Katiba na lugha ya kila siku zinayo maneno yanayosimama upande wa pili. Istilahi nzuri haina budi kuziona pande zote mbili.

2. Ununuzi, utwaaji na unyang'anyi

Katika tafsiri za kutoka Kiingereza cha Uingereza twakutana na "ununuzi wa lazima". Kwa Uingereza neno hilo lina maana, kwa kuwa huko ardhi huuzwa na kununuliwa, na mamlaka ya umma huingia katika nafasi ya mnunuzi ambaye hawezi kukataliwa. Kwetu halifai. Ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma iliyo mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Alicho nacho mwananchi ni haki ya kuimiliki na kuitumia. Rais hanunui kile ambacho ni mdhamini wake. Anaikatisha haki ya mtu aliyekuwa anakitumia. Zaidi ya hayo, ununuzi huhitaji maafikiano ya bei, na penye lazima hapana maafikiano. "Ununuzi wa lazima" ni kama kusema "zawadi ya kudaiwa".

Neno lililokubalika ni "utwaaji", kama linavyotumika katika jina la Sheria ya Utwaaji wa Ardhi Na. 47 ya mwaka 1967, ambayo inampa Rais uwezo wa kuitwaa ardhi yoyote inapohitajika kwa manufaa ya umma. Kwa kipimo cha ufupi na uzalikaji neno hili ni zuri: hutoa mtwaaji, kutwaliwa, kilichotwaliwa. Lakini wasomaji wetu hawatashindwa kusikia mwangwi wake. Msibani twasema Mungu amemtwaa mja wake. Kutwaa ni tendo la mwenye mamlaka asiyeulizwa. Neno halidanganyi kuhusu nguvu ya Serikali, na hilo ni jema. Ila halisemi lolote kuhusu deni linalofuata.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano haikutumia neno hilo. Ibara ya 24 inasema ni marufuku mtu "kunyang'anywa mali yake" bila ya idhini ya sheria inayoweka masharti ya kutoa "fidia inayostahili". Neno hili ni kali, nalo limewekwa kwa makusudi mahali pake. Katiba inatuambia kwamba tendo ni lilelile: likiwa na sheria na fidia ni utwaaji, likikosa kimoja kati ya hivyo viwili ni unyang'anyi. Mfasiri anayeandika "kutwaliwa" katika kila sentensi, hata pale anapoeleza ardhi iliyochukuliwa bila malipo, anaufuta mpaka ambao Katiba imeuchora.

3. Kupisha

Neno lililoenea kuliko yote katika magazeti na hotuba ni "kupisha". Twasoma habari za "wananchi waliopisha mradi", "nyumba zinazotakiwa kupisha barabara", "fidia kwa waliopisha upanuzi wa kiwanja". Ni neno la Kiswahili safi, fupi, nalo halina ukali. Hapo ndipo penye kasoro.

Kupisha ni adabu ya njiani. Mtu mwenye mzigo akija, unasogea kando. Mgonjwa akibebwa, unapisha. Jeneza likipita, unasimama pembeni. Mambo mawili yamo ndani ya neno hilo. La kwanza ni hiari: anayepisha ameamua mwenyewe, na asiyepisha huonekana hana adabu. La pili ni muda: mpishaji hurudi njiani mwake mara tu yule mwingine akishapita. Mkulima ambaye shamba lake limeingia chini ya lami hana hata moja kati ya hayo mawili. Hakuombwa njia, na wala harudi.

Athari ya neno hili ni kwamba linageuza mzani wa lawama. Aliyekwisha kuitwa "mpisha mradi" akisimama kudai malipo yake huonekana ameziba njia. Tunapendekeza "kupisha" lisitumike kabisa katika sheria, matangazo ya kisheria na fomu za uthamini. Magazeti na yaendelee kulitumia wapendavyo. Lakini mwalimu wa uraia awaeleze wanafunzi wake tofauti iliyopo.

4. Hifadhi ya barabara

Hapa pana jambo ambalo, kwa kadiri tulivyoona, halijazingatiwa vya kutosha. Ibara ileile ya 24 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na "haki ya hifadhi" kwa mali yake. Hifadhi katika Katiba ni ulinzi anaopewa mwenye mali. Katika lugha ya barabara, "hifadhi" ni ukanda wa ardhi pande mbili za barabara ambamo mtu haruhusiwi kujenga wala kulima. Neno moja, katika mambo ya ardhi hiyohiyo, linasema kwa mwananchi "umelindwa", kisha linasema "ondoka".

Chanzo cha mkanganyiko ni tafsiri. Wazo la Kiingereza lililofasiriwa hapa ni la kitu kilichotengwa na kuwekwa kwa matumizi ya baadaye. Kwa Kiswahili hiyo ni akiba. Hifadhi ni kulinda kisiharibike, na ndiyo maana twasema hifadhi ya wanyama na hifadhi ya misitu. Barabara haihifadhiwi ndani ya ukanda huo. Imewekewa nafasi ya kupanuka. Jina la haki lingekuwa "ukanda wa akiba ya barabara".

Tofauti hiyo si ya mapambo. Anayeingia katika hifadhi huitwa "mvamizi", na neno hilo hufuatana na hifadhi kama mkia na ng'ombe. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ilipoanza kutumika, upana wa ukanda wa barabara kuu uliongezwa kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kwa kila upande kuanzia katikati ya barabara. Nyumba iliyokuwa nje ya mpaka kwa meta 5 jana, leo imo ndani, nayo haikusogea hata hatua moja. Wananchi walipata kuona alama za rangi mbili kwenye kuta: X nyekundu kwa aliyekuwa ndani ya mpaka wa zamani, asiye na fidia, X ya kijani kwa aliyeingizwa na mpaka mpya, anayestahili kufidiwa ardhi yake itakapohitajika. Rangi zilisema kile ambacho istilahi ilishindwa kusema. Kwa istilahi wote wawili walikuwa "ndani ya hifadhi".

Lugha ya watu ilikuwa imekwisha kuiona tofauti hiyo. Husemwa kwamba fulani "ameifuata barabara" na fulani "amefuatwa na barabara". Hii ni istilahi iliyokamilika: fupi, wazi, yenye kuzalika, nayo inabeba kanuni nzima ya sheria katika kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Twashangaa kwamba haijaingia katika orodha yoyote rasmi tuijuayo.

Hata hivyo nayo ina mipaka yake. Mwaka 1973 ilipotangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia mwaka 1976, vijiji vingi nchini vilipangwa kando ya barabara ili shule, maji na magari ya mazao viwafikie watu kwa urahisi. Mkoa wenyewe wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974, katikati ya operesheni hiyo. Aliyepangiwa kiwanja kando ya barabara kwa amri ya Serikali, je, ameifuata barabara? Hakuifuata, wala haikumfuata: alipelekwa. Kwa mtu huyu wa tatu hatuna neno, na pasipo neno huhesabiwa pamoja na wavamizi. Tunapendekeza "aliyepangiwa barabarani", tukiwaachia wasomaji walete lililo bora.

Wafadhili wa nje walikuja na mgawanyo mwingine. Shirika la Changamoto za Milenia lilitaka kazi ya kuwahamisha watu ifuate sera ya Benki ya Dunia juu ya uhamishaji usio wa hiari. Sera hiyo humtambua hata asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi: huyo hafidiwi ardhi, lakini hufidiwa nyumba na mali alizopoteza na kupewa msaada wa kuanza upya. Kwa hiyo barabara ya Tunduma–Sumbawanga ilikuwa na misamiati miwili juu ya ardhi moja. Katika msamiati wa kwanza mtu ni "mvamizi". Katika wa pili ni "aliyeathiriwa na mradi". Mfasiri anayeshughulikia hati za miradi ya namna hii asidhani kwamba maneno haya ni visawe. Kila moja lina malipo yake.

5. Uhawilishaji

Ardhi ya Tanzania imegawanywa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Sehemu kubwa ya Ufipa nje ya mji wa Sumbawanga na miji midogo ni ardhi ya vijiji. Ili ardhi ya kijiji itumike kwa mradi wa kitaifa, huhamishwa kwanza kutoka kundi moja kwenda jingine, na tendo hilo huitwa "uhawilishaji" au "uhaulishaji". Kwa upande wa tahajia tunashauri la kwanza, madhali mzizi wake ni wa hawala, nao umekwisha kuzoea kuandikwa kwa w. Hili si kubwa.

Kubwa ni kwamba mwanakijiji amelikuta neno hilohilo katika mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa kuzisaidia kaya maskini, ambao huitwa "uhawilishaji fedha". Humo kuhawilisha ni fedha kuja nyumbani. Katika ardhi kuhawilisha ni shamba kuondoka. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa kujadili "uhawilishaji", hatuwezi kumlaumu mama aliyekwenda akitarajia kupokea.

Na mkutano huo si wa mapambo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema kwamba eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuyatazama mapendekezo ya kijiji. Tena ardhi haihamishwi mpaka aina ya fidia, kiasi chake, njia ya kuilipa na wakati wa kuilipa viwe vimekubaliwa. Haki kubwa kama hiyo haistahili kujificha nyuma ya neno lisiloeleweka. Tunapendekeza tangazo la mkutano liandike kwa maneno ya wazi: "kuitoa ardhi katika mamlaka ya kijiji". Ni maneno mengi kuliko moja, lakini kila mmoja atajua amekwenda kuamua nini.

6. Maendelezo, na tuta la Ufipa

Sasa twafika penye uzito zaidi wa uhakiki huu. Kwa miongo mingi msingi wa fidia ya ardhi nchini ulikuwa kile kinachoitwa "maendelezo yasiyokwisha", yaani vitu au sifa zilizoongezwa kwenye ardhi kwa mtaji au kazi ya mwenye kuitumia, na ambazo manufaa yake hayajaisha. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaendelea kuyafasili maneno hayo, na katika fasili yake yanawekwa kando matokeo ya ukulima wa kawaida, isipokuwa mazao yaliyosimama shambani.

Mfasiri atayaandikaje hayo maneno ya mwisho? Mmoja ataandika "ukulima wa kawaida". Mwingine "kilimo cha mazoea". Wa tatu, akitaka kuwa wazi zaidi, ataandika "kilimo cha kienyeji". Tofauti ya watatu hawa, Ufipa, yaweza kuwa ekari nzima.

Wakulima wa Ufipa kwa karne nyingi wamelima kwa matuta ya duara yaitwayo intumba. Mvua zikiwa bado zinanyesha, mkulima hukwangua majani pamoja na udongo wake na kuyafukia ndani ya tuta. Majani huoza humo. Huweza kupandwa maharage juu yake. Kisha msimu unaofuata tuta hubomolewa na kutandazwa, na ulezi au mahindi hupandwa katika udongo uliokwisha kurutubika. Bila mbolea ya kununua na bila kuchoma msitu, ardhi isiyo na rutuba nyingi hurudishiwa nguvu yake. Rutuba hiyo ni kazi ya mikono. Ni "sifa" iliyoongezwa kwenye ardhi, kwa maana kamili ya fasili ya sheria.

Lakini mthamini anayepita mwezi wa Septemba huona nini? Huona vichuguu vya udongo, majani makavu, hakuna zao lililosimama. Akiwa na fomu yenye nafasi za "nyumba", "miti" na "mazao", hana mahali pa kuandika tuta. Akiwa ameelekezwa na tafsiri isemayo "kilimo cha kienyeji", atakuwa na sababu ya kisheria ya kutoandika. Kwa neno moja, elimu yote ya Wafipa ya kuitunza ardhi itakuwa imewekwa nje ya fidia kwa kuwa ni ya kienyeji. Sheria haikusema hivyo. Ilisema ukulima wa kawaida, yaani kazi ya msimu ambayo manufaa yake huisha na mavuno ya msimu huo. Tuta lililofukiwa majani kwa ajili ya mwaka unaofuata si kazi ya msimu mmoja.

Mwelekeo huu wa tafsiri una msingi mahakamani. Katika shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, lililoamuliwa mwezi Desemba 1994 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba haki za ardhi za kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24, na kwamba fidia haifungwi na maendelezo yasiyokwisha peke yake. Palipo na kazi ya mtu iliyoiongezea ardhi thamani, kumnyang'anya bila fidia ni kinyume cha Katiba. Shauri hilo lilizaliwa na sheria ya mwaka 1992 iliyokusudia kuzifuta haki za kimila katika vijiji vilivyoundwa wakati wa operesheni tuliyoitaja. Kiini chake ni jasho, nalo jasho ndilo lililomo ndani ya intumba.

Twaongeza neno juu ya "ardhi tupu". Sheria ya mwaka 1967 iliipunguzia fidia ardhi ya namna hiyo. Shamba la Ufipa likiwa limeachwa miaka kadhaa ili majani yarudi, na majani hayo ndiyo yatakayofukiwa, shamba hilo si tupu. Limepumzishwa. Kiswahili kinajua tofauti ya chungu kitupu na chungu kilichoinjikwa. Fomu za uthamini hazina budi kuwa na nafasi mbili: "ardhi tupu" na "shamba lililopumzishwa".

7. Fidia na ndugu zake

"Fidia" ni istilahi njema, na hatuna nia ya kuigusa. Kufidia ni kurudisha kilichopotea. Kipimo chake ni hasara ya aliyepoteza, wala si uwezo au ukarimu wa mlipaji. Kasoro imo katika maneno yanayoizunguka.

La kwanza ni "kifuta machozi" na mwenzake "kifuta jasho". Maneno haya yamewekwa rasmi katika mambo ya wanyamapori, kwa mtu aliyejeruhiwa au mazao yaliyoliwa na tembo, na humo yanasema wazi kwamba Serikali inatoa faraja, hailipi deni. Yakihamishiwa kwenye ardhi iliyotwaliwa, kama hotuba nyingine zifanyavyo, haki inageuka kuwa hisani. Aliyetwaliwa ardhi hafutwi machozi. Anadai.

La pili ni "posho". Kanuni za mwaka 2001 za kuthamini ardhi kwa ajili ya fidia zinataja, pamoja na thamani ya soko, malipo ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Ya usumbufu hukokotolewa kwa kiwango cha wastani cha riba ya akiba ya muda maalumu katika mabenki ya biashara. Ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilometa 20. Ya makazi ni kodi ya mwezi mara 36. Haya yote kwa Kiswahili huitwa "posho". Lakini posho, katika akili ya mtumishi na ya mwananchi, ni kitu cha kukimu siku, ambacho bajeti ikibana hukatwa. Malipo yenye kanuni ya hesabu ndani ya sheria si posho. Yaitwe "malipo": malipo ya usumbufu, malipo ya usafiri, malipo ya makazi.

La tatu ni wakati. Sheria ya Ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Katika tafsiri twakuta "ya haraka", "kwa wakati" na "mapema iwezekanavyo" yakibadilishana nafasi. "Kwa wakati" hakusemi wakati wa nani. "Mapema iwezekanavyo" ni mlango wa kutokea. Kanuni za 2001 zimeweka miezi 6 baada ya ardhi kutwaliwa, na riba ikizidi hapo. Penye hesabu, mfasiri asiweke kivumishi: aandike miezi 6. Majirani zetu wa Uganda walikwenda mbali zaidi, kwani Katiba yao inadai malipo yatangulie kabla ya ardhi kuchukuliwa, na mwaka 2015 Mahakama yao ya Juu, katika shauri lililoihusu mamlaka ya barabara, ilikibatilisha kifungu cha sheria kilichoruhusu kuingia kabla ya kulipa. Neno moja dogo, "kabla", lilifanya kazi ambayo "haraka" haikuweza.

La nne ni jina la mtu mwenyewe. Huitwa "mwathirika", "mguswa wa mradi", "mpisha mradi". Kuguswa ni kidogo mno, na "mwathirika" limekwisha kushikwa na maradhi. Tulifikiria "mtwaliwa", lakini redioni hukaribiana mno na "mtawaliwa", na kosa la sikio hapo lingekuwa na maana isiyopendeza. Kiswahili cha zamani kina "mwia", mtu anayedai deni, na "mwiwa", anayedaiwa. Kama neno hilo limewapotea wengi, "mdai fidia" latosha. Jambo la msingi ni kwamba tangu siku ardhi ilipotwaliwa, jina lake litaje anachodai, lisitaje kilichompata tu.

8. Pingamizi na majibu

Yatasemwa mambo mawili. Kwanza, kwamba maneno haya yamekwisha kuzoeleka, na kuyabadili ni kuwachanganya watu. Hoja hii ina nguvu, na ndiyo maana hatukupendekeza kuliondoa "utwaaji", wala "fidia", wala kulipiga marufuku "uhawilishaji" katika vitabu vya sheria. Lakini mazoea ya watumishi si mazoea ya watu. "Kufuatwa na barabara" limezoeleka kuliko "hifadhi ya barabara".

Pili, kwamba neno halimlipi mtu. Kinacholipa ni bajeti. Ni kweli. Hata hivyo bajeti huandaliwa kwa jedwali, jedwali hujazwa kwa fomu, na fomu ina nafasi zilizoandikwa majina. Kisicho na jina katika fomu hakina safu katika jedwali, na kisicho na safu hakina shilingi. Tuta la Ufipa ni ushahidi wa kutosha.

9. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunayaweka yafuatayo mbele ya kamati ya kusanifu, wafasiri na walimu:

(a) "Utwaaji wa ardhi" libaki. "Ununuzi wa lazima" litumike kwa sheria za nchi za nje tu. "Kunyang'anywa" libaki kwa maana yake ya kikatiba.

(b) "Kupisha" lisitumike katika hati za kisheria.

(c) "Ukanda wa akiba ya barabara" lichukue nafasi ya "hifadhi ya barabara". Na fomu zitofautishe "aliyeifuata barabara", "aliyefuatwa na barabara" na "aliyepangiwa barabarani".

(d) Matangazo ya mikutano ya vijiji yaandike "kuitoa ardhi katika mamlaka ya kijiji".

(e) "Ukulima wa kawaida" lifasiliwe kuwa kazi ambayo manufaa yake huisha na msimu, na kamwe lisifasiriwe "kilimo cha kienyeji". "Shamba lililopumzishwa" litenganishwe na "ardhi tupu".

(f) "Malipo" badala ya "posho". "Mdai fidia" badala ya "mguswa". Tarakimu za muda badala ya vivumishi.

Tunawaomba wasomaji wetu walioko Rukwa, Katavi na Songwe, hasa walimu na maofisa ardhi, watuletee maneno yanayotumika vijijini kwao kuhusu tuta, shamba lililopumzishwa na mpaka wa shamba na njia. Kwa namna hii orodha itakayopelekwa kwenye kamati itakuwa imepita kwanza mbele ya wale ambao ardhi yao ndiyo inayotajwa.